Kisiwa Kilichohesabu Mafuta Yake

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unasikika kwa sekunde kumi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mama uliyeketi karibu na jiko, baba uliyetoka sasa hivi kwenye foleni ya mgao, kijana uliyeshika redio mkononi, karibuni nyote. Na wewe unayekisoma kipindi hiki kwenye karatasi, pengine ukiwasomea wenzako wa kikundi cha wasikilizaji, karibu vilevile.

Leo tunazungumza juu ya moto. Nina maana ya moto wa kupikia, moto wa taa, na moto unaozungusha injini ya pikipiki, ya lori na ya boti. Kwa neno moja tunauita nishati. Maswali yetu ni matatu: Nishati yako inatoka wapi? Nani anailipia? Na nani anaamua?

Ili tuyaelewe maswali hayo, nitakupeleka mbali kidogo, kwenye kisiwa kimoja cha nchi ya Denmark, huko Ulaya ya kaskazini. Kisiwa hicho kinaitwa Samsø. Usiogope umbali. Mwisho wa safari tutarudi hapahapa ulipokaa.

(Sauti ya upepo na mawimbi. Inasikika kidogo, kisha inapotea.)

Kila kitu kinakuja kwa chombo

Kama wewe ni mtu wa Idjwi katika Ziwa Kivu, au umekulia Baraka, Uvira au Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, unajua maisha yanayotegemea chombo cha majini. Sabuni inakuja kwa boti. Chumvi inakuja kwa boti. Petroli ya hiyo boti yenyewe inakuja kwa boti. Ziwa likichafuka siku tatu, bei inapanda. Mwenye chombo akigoma, watu wanakaa gizani.

Samsø palikuwa hivyohivyo, ingawa ni nchi tajiri. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 114, na wakati ule kilikuwa na watu wapatao 4,000. Miongoni mwao wapo wakulima. Wanasifika kwa viazi vyao vya mapema, ambavyo huwahi kufika sokoni. Lakini kwa upande wa nishati, walikuwa wanaletewa karibu kila kitu. Mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuja kwa meli, na mafuta ya magari na matrekta vilevile. Umeme ulikuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, na sehemu kubwa ya umeme huo ilizalishwa kwa kuchoma makaa ya mawe.

Hapa nieleze jambo moja. Makaa ya mawe, petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi inayochimbwa ardhini, vyote vinaitwa nishati ya visukuku. Vimekaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Tukivichoma, vinatoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikizidi angani inafanya kazi kama blanketi: inazuia joto la dunia lisitoke. Ndiyo maana wataalamu wanasema hali ya hewa inabadilika, mvua inachelewa au inakuja kwa fujo. Upepo, jua na mabaki ya mazao ni habari nyingine. Upepo ukiutumia leo, kesho unavuma tena. Hii inaitwa nishati jadidifu, yaani inayojirudia.

Zawadi isiyokuwa na pesa

Mwaka 1997 serikali ya Denmark ilitangaza shindano. Iliviambia visiwa na maeneo ya namna hiyo: leteni mpango wa kuonyesha kwamba mnaweza kupata nishati yenu yote kutoka kwenye vyanzo jadidifu, ndani ya miaka 10, kwa kutumia mitambo ambayo tayari inauzwa madukani. Yaani hakuna kungoja uvumbuzi wa ajabu. Samsø walishinda.

Sasa sikiliza vizuri. Mpango ule haukuandikwa na wanakijiji. Uliandikwa na mhandisi ambaye hata hakuwa mkazi wa kisiwa, kwa kushauriana na viongozi wa pale. Na ushindi wenyewe haukuja na gunia la pesa. Watu wa kawaida waliposikia kwamba kisiwa chao kimeshinda, wengi hawakujali. Wengine hawakuelewa ni ushindi wa nini. Mpango mzuri, umeandikwa na mtaalamu, umepigiwa makofi mjini, na wenyewe wanaohusika hawaujui! Msikilizaji, nadhani na wewe umewahi kuona mradi wa namna hiyo.

Isitoshe, wakati ule kisiwa kilikuwa na wasiwasi mwingine. Machinjio yaliyokuwa yakiwapa watu wengi kazi yalikuwa yanafungwa. Mtu anayewaza mshahara wa mwezi ujao hana nafasi ya kuwaza blanketi la angani. Kwa hiyo, kama ungefika pale na kuwahubiria habari za hali ya hewa peke yake, wangekusikiliza kwa adabu, kisha wangekwenda zao nyumbani.

Mikutano, tena mikutano

Mtu aliyepewa kazi ya kuusukuma mpango huo aliitwa Søren Hermansen. Ni mtoto wa mkulima wa palepale, na alikuwa mwalimu. Yeye hakuanza na mitambo, alianza na mikutano. Penye watu wamekaa, alifika: mkutano wa wakulima, wa michezo, wa mtaa. Alizungumza nao juu ya kazi, juu ya gharama, juu ya fundi bomba atakayepata kibarua na mkulima atakayeuza majani makavu aliyokuwa hayamletei faida. Watu walibishana. Wengine walikataa. Walikutana tena.

Alijua pia kwamba katika kijiji kuna watu ambao wakikubali, wengine hufuata. Kwa hiyo alitafuta wale wanaoaminiwa na jirani zao, akazungumza nao kwanza. Polepole mazungumzo yakabadilika. Watu wakaacha kuuliza, "Hawa wanataka kutufanyia nini?" Wakaanza kuuliza, "Na mimi naingiaje?"

Mitambo ya upepo ni ya nani?

Kufikia mwaka 2000 kisiwa kilikuwa kimesimamisha mitambo 11 ya upepo nchi kavu. Mtambo wa upepo ni mnara mrefu wenye mapanga matatu juu yake. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme. Ni kama dinamo ya baiskeli: gurudumu likizunguka, taa inawaka. Tofauti ni ukubwa.

Kila mmoja wa mitambo ile ulikuwa na uwezo wa megawati 1. Megawati 1 ni wati 1,000,000. Ukichukua balbu ndogo ya kisasa ya wati 5, megawati 1 inaweza kuwasha balbu 200,000 kwa wakati mmoja, ilimradi upepo uwe unavuma kwa nguvu yote. Upepo ukipungua, umeme nao unapungua. Pamoja na hayo, mitambo ile 11 ilitosha kuzalisha, kwa hesabu ya mwaka mzima, umeme sawa na ule unaotumika kisiwani.

Lakini sikia jinsi ilivyomilikiwa, maana hapo ndipo penye siri. Mitambo 9 ilinunuliwa na wakulima wenyewe, kila mmoja kwenye shamba lake. Mitambo 2 iliwekwa kuwa mali ya ushirika. Mtu asiyekuwa na shamba wala uwezo wa kukopa pesa nyingi aliweza kununua hisa, yaani kipande cha mtambo. Mamia ya wakazi walinunua.

Kwa nini jambo hili ni muhimu? Fikiria jenereta ya jirani inayopiga kelele usiku kucha huku wewe uko gizani. Kelele ile inakukera. Sasa fikiria jenereta ileile ikiwa na waya unaokuja kwako, na mwisho wa mwezi unapata gawio. Kelele ni ileile, lakini moyo umebadilika. Katika nchi nyingi watu wamepinga mitambo ya upepo kwa sababu inaharibu mandhari na inatoa sauti. Pale Samsø upinzani ulipungua sana, kwa kuwa mtu akiitazama kilimani anaona kitu chake.

Lazima pia nikueleze ukweli mwingine. Wale wakulima hawakufanikiwa kwa juhudi zao peke yao. Serikali ya Denmark ilikuwa na sheria iliyowahakikishia bei maalumu ya umeme wao kwa miaka 10. Benki ikiona bei imehakikishwa, inakubali kukopesha. Bila sheria ile, mkulima angeogopa, na benki ingeogopa zaidi. Nguvu ya wananchi ilihitaji mlango uliofunguliwa na serikali.

(Muziki mfupi wa kati. Unapanda, kisha unashuka.)

Msikilizaji unayejiunga nasi sasa hivi, tunazungumza juu ya Samsø, kisiwa cha Denmark kilichoamua kuacha kutegemea mafuta ya kuletewa. Tumeshasema jinsi walivyopata umeme wa upepo. Sasa tuangalie mambo mawili magumu zaidi: joto na usafiri.

Majani ya ngano yanapasha joto nyumba

Denmark ni nchi ya baridi. Kwao, kupasha nyumba joto wakati wa kipupwe ni jambo la lazima, kama kwako ilivyo kupika. Zamani kila nyumba ilikuwa na tanuri lake la mafuta.

Walichofanya ni kuunganisha nyumba za vijiji kadhaa kwenye jiko moja kubwa. Jiko hilo linachoma majani makavu ya ngano yaliyofungwa marobota baada ya mavuno. Moto unachemsha maji, maji ya moto yanapita kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, yanaingia kila nyumba, yanatoa joto, kisha yanarudi kuchemshwa upya. Sehemu moja kaskazini mwa kisiwa wanatumia vipande vya miti pamoja na mabamba ya jua yanayopasha maji. Majivu ya majani yanarudishwa shambani kuwa mbolea. Pesa iliyokuwa ikiondoka na meli ya mafuta sasa inabaki kisiwani, kwa mkulima anayeuza majani na kwa fundi anayetengeneza mabomba.

Walijaribu pia kubana matumizi. Wazee waliostaafu walisaidiwa kuzivika nyumba zao, yaani kuongeza kizuizi cha joto ukutani na darini ili joto lisitoroke. Hata hivyo, kubana matumizi ndiko kulikowashinda zaidi kuliko walivyotarajia. Watu ni watu. Ukiwapa nishati safi, hawapendi kupunguza starehe. Nakwambia hili ili usidhani kwamba kila kitu kilikwenda kama mpango ulivyoandikwa.

Gari na feri: fundo gumu

Sasa usafiri. Hapa ndipo kila kisiwa kinapokwama.

Mwanzoni walijaribu magari ya umeme. Lakini magari ya umeme ya miaka ile hayakuwa kama ya leo. Yalisumbua, na jaribio likaachwa. Mkulima mmoja alikamua mafuta ya mbegu za mmea uitwao rapa na kuyatumia kwenye gari na trekta lake, lakini huwezi kulima rapa ya kutosha magari yote na bado ukapata chakula. Na feri? Bila feri hakuna viazi vinavyofika sokoni, hakuna mgonjwa anayevuka kwenda hospitali kubwa. Feri ilikunywa dizeli kila siku.

Wakafanya hesabu. Walisema: hatuwezi leo kuondoa mafuta kwenye magari na feri. Basi na tuzalishe umeme safi wa ziada, unaolingana na nishati inayochomwa na magari, matrekta na feri zetu, tuupeleke bara kwa waya ule wa chini ya bahari. Kila umeme wa upepo tunaoupeleka utachukua nafasi ya umeme ambao ungezalishwa kwa makaa ya mawe.

Ndipo wakasimamisha mitambo mingine 10 ya upepo baharini, kusini mwa kisiwa. Ilikamilika mwanzoni mwa mwaka 2003. Kila mmoja una uwezo wa megawati 2.3, jumla megawati 23. Safari hii serikali ya mtaa yenyewe, yaani halmashauri ya kisiwa, iliingia. Ilikopa, ikanunua mitambo 5 kati ya ile 10. Iliyobaki ikanunuliwa na wakulima na vikundi vya wenye hisa. Kwa halmashauri ndogo ya watu elfu chache, deni lile lilikuwa mzigo mkubwa. Na faida yake sheria haikuruhusu itumiwe ovyo: ilitakiwa irudi kwenye kazi za nishati.

Kufikia mwaka 2005 kisiwa kilikuwa kinazalisha nishati jadidifu nyingi kuliko nishati yote kinayotumia.

Utaniuliza: je, moshi wa feri uliisha? Hapana. Moshi uliendelea. Ile ilikuwa mizani: huku unatoa uchafu, kule unazuia uchafu wa kiasi hicho au zaidi. Mizani ni hesabu ya kweli, lakini haikumaliza kazi, na wao wenyewe walilijua hilo. Vilevile, siku ambayo upepo umelala, Samsø bado hupokea umeme kutoka bara. Tunaposema kisiwa kinajitosheleza, maana yake ni hesabu ya mwaka mzima, na siyo kila saa.

Halmashauri yashika usukani

Kwa hiyo awamu ya pili ya kazi yao ni kukata mafuta kwenyewe, na lengo walilojiwekea ni kuacha kabisa nishati ya visukuku ifikapo mwaka 2030.

Halmashauri ilianza na kile kilichokuwa mikononi mwake. Ilichukua uendeshaji wa feri ya kwenda upande wa magharibi, kati ya Sælvig kisiwani na Hou huko bara. Mwaka 2015 ilileta feri mpya, Prinsesse Isabella, inayotumia gesi asilia iliyopozwa sana mpaka ikawa kimiminika. Gesi hiyo bado ni ya visukuku, ingawa moshi wake una uchafu mdogo kuliko wa dizeli. Nia ilikuwa kwamba baadaye itumie biogesi, yaani gesi inayotokana na kinyesi cha mifugo na mabaki ya mazao ya kisiwa chenyewe. Kutoka nia kufika kitendo ni safari ndefu, kwani mtambo wa biogesi unahitaji mtaji mkubwa na malighafi ya kutosha mwaka mzima. Lakini kwa kuwa feri ni mali ya halmashauri, wakazi wanaweza kuuliza maswali kwenye mkutano wao wenyewe, na anayejibu ni mtu waliyemchagua.

Magari ya umeme nayo yalipokuwa bora, halmashauri iliyanunua kwa ajili ya wafanyakazi wake, wakiwemo wahudumu wanaozunguka kuwatunza wazee majumbani. Kisiwa kidogo kinalifaa gari la umeme, maana hakuna safari ndefu ya kumaliza betri. Na katika bandari ya boti ya Ballen, ambayo ni ya halmashauri, waliweka sola pamoja na betri kubwa. Mchana jua likiwa kali na umeme ukizidi, betri inahifadhi. Jioni mabaharia wakifika na kuhitaji umeme, betri inatoa. Ni kama debe la maji: unakinga wakati wa mvua, unatumia wakati wa kiangazi.

Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliipa Samsø tuzo ya kazi ya kulinda hali ya hewa. Lakini mimi nadhani tuzo kubwa zaidi ni kwamba zaidi ya miaka 20 baada ya mitambo ya kwanza, wale wakulima bado wanakutana na kubishana juu ya hatua inayofuata.

Na sisi je?

(Muziki unapita chini ya maneno, polepole.)

Sasa turudi nyumbani, au turudi hapa tunapopaita nyumbani kwa sasa.

Najua unachokifikiri. "Wale wana ardhi yao. Wana benki. Wana serikali iliyowahakikishia bei. Mimi sina hata ruhusa ya kwenda mji wa jirani bila karatasi." Ni kweli. Sitakudanganya kwamba kambi inaweza kuwa Samsø. Mtambo wa upepo wa megawati hauwezi kununuliwa kwa hela ya kikundi cha kuweka na kukopa, na wewe huna hati ya shamba utakaloweka rehani.

Lakini angalia tena. Kambi nayo ni kisiwa cha namna yake. Unga unakuja kwa lori. Mafuta ya kula yanakuja kwa lori. Daraja likikatika, au pesa ya wafadhili ikipungua, kila mtu anasikia. Kuni zinatafutwa mbali zaidi kila mwaka, na mama au binti anayekwenda kuzitafuta anajua hatari ya njiani, na ugomvi unaoweza kuzuka na wenyeji wanaotegemea msitu huohuo. Nishati kwako ni usalama, ni muda, ni ujirani mwema.

Na yapo mambo matatu ya Samsø yasiyohitaji benki.

La kwanza ni kuhesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Samsø walijua kwanza kila lita inakwenda wapi. Jaribu na wewe kwa mwezi mmoja. Chukua daftari, andika: kuni mizigo mingapi na saa ngapi za kutembea, mkaa kiasi gani, betri za tochi ngapi, kuchaji simu mara ngapi na kwa bei gani. Ukichaji simu mara 3 kwa wiki, kwa mwaka ni mara 156. Kikundi cha kaya 20 ni mara 3,120. Zidisha kwa bei unayolipa. Huenda mkagundua kwamba hela mnayotoa kidogokidogo ingetosha kununua kifaa kidogo cha sola cha pamoja, au mkagundua haitoshi. Vyovyote vile, mtakuwa mnajua, na siku mkiitwa mkutanoni mtakwenda na takwimu zenu mkononi.

La pili ni kubana kinachopotea. Wazee wa Samsø walivika nyumba zao nguo, nawe unaweza kulivika jiko lako. Moto wa mafiga matatu uliokaa wazi unapoteza joto kwa upepo. Jiko lililozungushiwa udongo, kuni zilizokaushwa vizuri na kupasuliwa nyembamba, sufuria yenye mfuniko, maharage yaliyolowekwa tangu usiku: hivi vyote vinapunguza kuni. Pikia mahali penye hewa inayopita, maana moshi unaumiza macho na mapafu, hasa ya mtoto aliye mgongoni.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kuuliza mapema: hiki ni cha nani? Mmewahi kuona taa ya barabarani ya sola iliyozimika mwaka wa pili, hakuna aliyeitengeneza? Mmewahi kuona pampu ya maji imesimama kwa sababu aliyeshika ufunguo amehama? Taa ile ililetwa. Haikuwa na mwenyewe. Basi siku shirika likija na mradi, muulizeni kwa heshima, kabla ya mashine kushushwa kwenye lori: Nani atamiliki? Nani atafundishwa kutengeneza? Kipuri kitanunuliwa kwa pesa gani? Nani yumo kwenye kamati, na je, akina mama wanaopika na kutafuta kuni wamo? Majirani zetu wenyeji wamehusishwa vipi? Maswali hayo siyo utovu wa shukrani. Mtoaji mwenye busara atafurahi kuyasikia, kwani na yeye hapendi kuona pesa yake imegeuka chuma chakavu.

Kuhusu usafiri, fuata taratibu za nchi na kambi unayoishi. Lakini hata baiskeli ya kikundi inayobeba wagonjwa kwenda zahanati, au toroli la pamoja la kubebea mgao wa wazee, linahitaji mambo yaleyale: mwenyewe anayejulikana, daftari la matumizi, na akiba ya kununulia tairi.

Ndugu msikilizaji, siku moja wengi wetu tutarudi kwenye vijiji vyetu, au tutapata makazi mapya mahali pengine. Yapo mambo hatutaweza kubeba. Lakini mtu aliyezoea kukaa kwenye kamati, kushika daftari, kuuliza hesabu na kumsikiliza anayempinga, anaondoka na ujuzi huo kichwani. Hakuna mpaka utakaomnyang'anya.

Mambo ya kukumbuka

Samsø ni kisiwa kidogo kilichoweza, kwa hesabu ya mwaka, kuzalisha nishati safi nyingi kuliko kinayotumia. Mitambo ya upepo ilikubaliwa kwa sababu wakazi waliimiliki. Usafiri ndio uliokuwa mgumu zaidi, na mpaka leo kazi inaendelea. Halmashauri ilisaidia kwa kuingiza mtaji, kumiliki feri na kununua magari ya umeme. Na yote yalianza kwenye mikutano.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kaya yako, ni nishati gani inayokula muda au pesa nyingi zaidi? Nani hasa anayebeba mzigo huo?

2. Taja kifaa kimoja cha pamoja hapa kambini kinachofanya kazi vizuri, na kimoja kilichoharibika. Kila kimoja kina mwenyewe? Tofauti yao ni nini?

3. Kama shirika lingekuja kesho na mradi wa sola, kikundi chenu kingeuliza maswali gani matatu ya kwanza?

4. Wenyeji wa jirani wanatumia kuni na maji yaleyale tunayotumia sisi. Tungeweza kukutana nao kuzungumzia nini?

(Muziki wa kufungia kipindi unapanda taratibu.)

MTANGAZAJI: Ukimaliza kusikiliza, usiizime redio na kulala. Mgeukie aliye karibu nawe, anza na swali la kwanza. Mpaka tutakapokutana tena, nakutakia jioni ya amani, sufuria yenye mfuniko, na moto usio na moshi. Kwaheri.

(Muziki. Mwisho wa kipindi.)